Nyoka Mwenye Kibali Hang'ati

Zamani za juzi, katika nchi moja iliyojiita Nchi Tulivu, nyoka alikuwa kiumbe aliyelaaniwa. Mwenyezi Mungu ndiye aliyemlaani, tena mwanzoni kabisa, akamwambia atakwenda kwa tumbo na kula mavumbi. Serikali ya Nchi Tulivu iliupitia upya uamuzi huo, ikaona ulitolewa kwa haraka na bila kuwashirikisha wadau, ikampa nyoka kibali.

Mambo yalianza hivi. Wakubwa wa nchi hiyo walikuwa na kuta ndefu, juu ya kuta walikuwa na nyaya, na ndani ya kuta walikuwa na mbwa. Lakini mbwa ana kasoro yake: humbwekea kila anayeingia na mzigo usio wake. Kwa hiyo wakubwa wakawa wanabwekewa kila walipotoka kazini, na majirani wanasikia. Ndipo mmoja wao akamkumbuka nyoka. Nyoka habweki. Nyoka haulizi mzigo umetoka wapi. Nyoka akila panya mmoja hukaa kimya muda mrefu bila kudai kingine, jambo ambalo katika nchi ile hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kuliweza.

Muda si muda kila mkubwa akawa na nyoka wake, na kwa kuwa Nchi Tulivu haikupenda jambo lolote lifanyike bila utaratibu, Bunge likakaa na kupitisha Sheria ya Ufugaji Binafsi wa Nyoka Wenye Sumu. Waziri aliruhusiwa kufuga koboko. Makatibu wakuu wakapewa swila. Wakurugenzi wakapewa kifutu. Mwananchi wa kawaida aliachiwa minyoo, ambayo alikuwa nayo tayari.

Kibali hakikutolewa ovyo. Nyoka alitakiwa alete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi. Alitakiwa pia alete picha ndogo, ametazama mbele, masikio yote mawili yaonekane. Watu wakasema nyoka hana masikio. Wizara ikajibu kwamba sheria haikutungwa kwa ajili ya visingizio, ikaajiri mchoraji wa masikio, baadaye msaidizi wake, na baadaye naibu mkurugenzi wa masikio aliyepewa gari. Mwisho wa yote nyoka alipelekwa polisi kuchukua hati ya tabia njema. Polisi walimtazama, wakaona hajawahi kufikishwa mahakamani, wakaandika kuwa ni kiumbe mwadilifu. Akavishwa pete ya bati mkiani yenye namba yake, akarudi nyumbani.

Kwa sababu ya hati hiyo ya tabia njema, sheria ikatamka waziwazi: nyoka mwenye kibali hang'ati.

Hata hivyo Bunge lilikuwa na huruma. Likaagiza kila mwenye kibali aweke nyumbani kwake dawa ya sumu ya nyoka, kwa tahadhari. Dawa hiyo ilitoka ng'ambo, tena kidogo, hivyo wenye vibali wakaichukua yote na kuipanga katika friji zao, katikati ya siagi na bia. Hospitali zikabaki na friji tupu. Na ili dawa isitumike ovyo, sheria ikasema atapewa yule tu aliyeng'atwa na nyoka mwenye kibali. Nyoka mwenye kibali, kama mlivyosikia, hang'ati. Basi dawa ikawa salama kabisa.

Kisha, kuwaonyesha wananchi kwamba Serikali haina mzaha, wakaongeza kifungu cha mwisho: siku nyoka mmoja tu mwenye kibali atakapomng'ata mtu, vibali vyote vitafutwa, friji zote zitafunguliwa, na dawa yote itapelekwa hospitali. Wabunge waligonga meza kwa furaha. Waliona ni kifungu kizuri sana, maana kisingetumika kamwe.

*

Nyuma ya ukuta wa Bwana Zefania Mkwaya, Mkurugenzi wa Vibali vya Nyoka, aliishi mwanamke aliyeitwa Skolastika pamoja na mumewe, Gervas. Gervas alikuwa fundi wa kusuka viti. Skolastika alikuwa mpiga vigelegele.

Katika Nchi Tulivu hiyo ilikuwa kazi. Kila mtaa ulikuwa na kikundi cha hamasa, na popote kiongozi aliposimama kusema, kikundi kiliitwa kikae mbele na kushangilia. Hawakupewa mshahara. Walipewa vitenge vyenye sura ya kiongozi, na Skolastika alikuwa navyo vingi hata mapazia ya nyumba yake yalikuwa yakimtazama. Alikuwa mtu wa sala. Aliomba kabla ya kula, aliomba kabla ya kulala, na kabla ya kupiga vigelegele alimwomba Mungu asimhesabie.

Asubuhi moja Gervas alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua ukindu aliouanika karibu na ukuta. Kifutu wa Mkurugenzi alikuwa ametokea kwenye tundu la maji machafu ukutani, amejilaza juu ya ukindu akiota jua. Kifutu ni nyoka mnene, mvivu, rangi ya majani makavu. Hakufuati, anakungoja umkanyage. Gervas akamkanyaga.

Skolastika alisikia ukelele, akatoka mbio na mchi mkononi. Alimkuta mumewe amekaa chini ameushika mguu kwa mikono miwili, na nyoka anarudi tunduni taratibu, pete ya bati inang'aa mkiani, kama mtumishi anayerudi ofisini baada ya chai.

"Usimpige," Gervas akasema, meno yameuma midomo. "Ana namba huyo. Utafungwa."

Hospitalini Nesi Yudita aliutazama mguu, akatikisa kichwa, akaenda kufungua friji. Ndani mlikuwa na bakuli la dagaa na ugali wa mtu wa zamu.

"Dada Skola, nikudanganye?" akasema. "Dawa ipo nchini. Ipo karibu na wewe kuliko ilivyo karibu na mimi. Wewe unalala nayo ukuta kwa ukuta."

"Na nisipoipata?"

Nesi Yudita alifunga friji kwa upole, kana kwamba dagaa wamelala. "Kesho jioni tutaanza kuzungumza habari ya kukata mguu. Kesho ikipita, sitazungumza na shemeji tena. Nitazungumza na wewe peke yako."

*

Bwana Mkwaya alimpokea Skolastika sebuleni kwake, akiwa amevaa kandambili na tai. Tai hakuivua hata nyumbani, kwa sababu cheo, alisema, hakiendi likizo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina miadi, baba. Nina mgonjwa. Nyoka wako amemng'ata mume wangu."

Mkurugenzi alinyanyua kiganja kama trafiki. "Mama, tuchague maneno. Nyoka wangu ana kibali. Nilikisaini mwenyewe, mbele yangu mwenyewe. Mwenye kibali hang'ati."

"Nimemwona kwa macho yangu. Ana pete mkiani."

"Ala! Umeiona pete?"

"Nimeiona."

"Basi umenisaidia. Mwenye pete ana kibali, na mwenye kibali hang'ati. Kwa hiyo uliyemwona wewe siye aliyeng'ata. Aliyeng'ata ni mwingine, asiye na pete. Yuko wapi huyo?"

"Hakuna mwingine, baba. Alikuwa huyo huyo mmoja."

"Yupo, ila mmemficha. Sasa sikiliza, na hili nakwambia kama jirani: nyoka asiye na kibali akipatikana uani kwa mtu, mtu huyo ndiye mfugaji. Mumeo anafuga nyoka kinyume cha sheria. Hicho ni kifungo."

"Mume wangu anafuga kuku, Mkurugenzi. Tena mmoja ni wa jirani."

"Hayo ataieleza mahakama atakapopona."

"Na asipopona?"

"Kesi itafutwa," akasema Bwana Mkwaya. "Serikali haina roho mbaya."

Aliinuka kwenda kuchukua soda. Mlango wa friji ulipofunguka Skolastika akaviona vichupa vidogo vimepangwa safu moja, safi, vina baridi, kando ya kopo la siagi. Hatua nne tu kutoka alipokaa. Akahisi mikono yake inataka kwenda peke yake, akaifumbata.

"Ndivyo hivyo?" akauliza.

"Hivyo ni vya kisheria."

"Naomba kimoja. Kimoja tu, baba. Nitapiga magoti."

"Ukipiga magoti utanichafulia zulia. Nikikupa hicho nimekubali kwamba nyoka wangu anang'ata. Nikikubali hilo, vibali vyote vimekwenda, na wizara imekwenda, na mimi nimekwenda. Unataka nchi iyumbe kwa sababu ya mguu?" Alikunywa soda, akafikiri, akalainika kidogo. "Kesho ni Siku ya Nyoka ya Taifa. Mheshimiwa Waziri ndiye mgeni rasmi. Yeye peke yake ana mamlaka ya kusema nani apewe dawa. Kamwombe. Ila usimsogelee, usimwandikie, na usimsemeshe. Na kikundi chenu kinapiga vigelegele. Asiyekuja tutamjua."

Usiku ule Skolastika hakumwomba Mungu mambo mengi. Alisema, "Bwana, wewe unajua nani kamng'ata nani," akanyamaza, kwa sababu mengine yote aliyokuwa nayo kifuani hayakufaa kusemwa mtu akiwa amepiga magoti.

*

Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Watoto wa shule waliletwa, wafungwa waliletwa, na wagonjwa walioweza kusimama waliletwa pia ili kuonyesha hali ya afya nchini. Kikundi cha hamasa kilikaa mbele kabisa, chini ya jukwaa, na kiongozi wake, Bi. Mwajabu, akawakumbusha wenzake kazi.

"Mheshimiwa akipandisha sauti, vigelegele. Akishusha sauti, makofi. Akinyamaza, hoyee. Mtu asikae kusikiliza anachosema, kusikiliza kunachelewesha." Akamgeukia Skolastika. "Wewe nawe, mbona uso kama umemeza ndulele? Leo sikukuu."

"Mume wangu amelazwa, dada. Mguu umevimba hadi gotini."

"Najua, shoga, pole. Mungu atamsaidia. Lakini sauti yako ndiyo inayobeba safu ya pili, usiniangushe."

Jukwaani kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kudarizi, maua ya plastiki, na chupa za maji. Katikati ya maua, juu ya sahani ya barafu, kulikuwa na kichupa kimoja cha dawa ya sumu ya nyoka. Kiliwekwa pale wananchi wakione, wajue kwamba Serikali inayo.

Kamati ya maandalizi ilikuwa imefanya kazi kubwa. Ilikesha ikibishana iwapo nyoka wa Waziri apewe kiti, na ikaamua apewe, katikati ya Mkuu wa Wilaya na Mstahiki Meya. Kiti kiliwekewa kitambaa. Juu yake likawekwa tenga, na ndani ya tenga alikuwamo koboko. Mkuu wa Wilaya na Mstahiki Meya walikaa wameegemea nje, kila mmoja upande wake, wakitabasamu.

Uamuzi wa pili wa kamati ulikuwa mzito zaidi. Desturi ya nchi ile ni kwamba mgeni rasmi akifika huvishwa skafu shingoni. Kamati ikaona kwamba katika Siku ya Nyoka skafu ya kitambaa ni kumdharau nyoka. Mheshimiwa avishwe koboko wake mwenyewe, wananchi waone jinsi nyoka mwenye kibali alivyo mpole. Mazoezi yalifanyika kwa koboko wa mpira, na yalikwenda vizuri sana.

"Mheshimiwa Waziri," mshereheshaji akapaza sauti, "waheshimiwa wabunge, waheshimiwa nyoka, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! Naomba sasa Mheshimiwa Dakta Onesfori Tandabala avishwe!"

Mtunza nyoka akafungua tenga, akamtoa koboko, mrefu, mwembamba, rangi ya chuma, akamlaza mabegani mwa Waziri, akarudi nyuma upesi kuliko alivyokuja. Waziri akashika kipaza sauti. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, na siku hiyo alikuwa na hotuba ndefu.

"Ndugu wananchi! Wapo watu wachache, wenye nia ovu, wanaotumiwa! Wanapita mitaani wakizusha kwamba nyoka wanang'ata!"

Vigelegele.

"Nawauliza! Huyu hapa anang'ata?"

Vigelegele.

"Nyoka huyu ana nidhamu kuliko baadhi yenu! Halalamiki! Haandamani! Hakuulizi bei ya unga!"

Jua lilikuwa kali, spika zilikuwa zinanguruma, na Waziri kwa kila neno alikuwa akipiga hewa ngumi. Koboko hakuwa amepewa nakala ya hotuba. Ngumi ya nne ilipopita mbele ya uso wake, aliinua kichwa, akaifuata, akaing'ata juu ya kifundo cha mkono.

"Yalaaaaa!" akalia Waziri.

Alikuwa amepandisha sauti. Wanawake wote wa kikundi cha hamasa wakajibu kwa vigelegele ambavyo havijawahi kusikika katika wilaya ile. Bendi ikaingia. Watoto wa shule wakapunga bendera.

"Mheshimiwa amesisimka!" akasema mshereheshaji. "Mheshimiwa amesisimka kwa mapenzi ya wananchi wake!"

Mtunza nyoka akamchukua koboko, akamrudisha kwenye tenga, na tenga likarudi kwenye kiti chake. Mkuu wa Wilaya akakumbuka kwamba anapaswa kutabasamu.

Skolastika peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa akikitazama kile kichupa tangu alipokaa, hakuona kingine, na kwa kuwa mkono wa Waziri ulikuwa juu ya kichupa, aliona vitone viwili vya damu vikitokea kwenye mkono wa shati jeupe. Aliona Waziri anavitazama. Aliona Bwana Mkwaya, nyuma yake, anavitazama. Kisha wote wawili wakakitazama kichupa, kisha wakatazama umati, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mheshimiwa," Bwana Mkwaya akanong'ona, "kumbuka kifungu cha mwisho. Ni chako mwenyewe."

*

Skolastika alisimama. Bi. Mwajabu akamvuta kitenge. "Kaa chini, mwehu we! Bado hajashusha sauti!"

Hakukaa. Alipanda ngazi za jukwaa, na askari, ambao kazi yao ilikuwa kuwazuia watu wenye hasira, hawakujua wafanye nini na mwanamke aliyekuwa anatembea taratibu akiwa amevaa sura ya Waziri kifuani na mgongoni. Akafika mezani. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Mara... marahaba, mama."

"Samahani kwa kukukatiza. Nina swali moja. Umeng'atwa?"

Uwanja ukanyamaza. Hata wale waliofundishwa kusema hoyee kwenye ukimya walisahau. Mshereheshaji akacheka peke yake, akaacha.

Waziri akauficha mkono nyuma. "Nani? Mimi? Sijang'atwa."

"Hakung'atwa," akasema Bwana Mkwaya.

"Hakung'atwa," akasema Mkuu wa Wilaya, ambaye alikuwa amekaa kando ya tenga na aliona kila kitu.

"Basi namshukuru Mungu," akasema Skolastika. "Kama hakuna aliyeng'atwa hapa, dawa hii haina mwenyewe. Mume wangu yuko hospitali, ameng'atwa na nyoka, mguu umekuwa gogo. Leo jioni wataukata, au nitamzika. Naiomba."

Mnong'ono ukapita uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Waziri alikuwa anakitazama kichupa kama mwenye kiu anavyotazama mtungi. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye kola.

Skolastika akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, damu nimeiona. Sikuchukii. Jana nilikuchukia, usiku kucha, na leo pia nimekuja nakuchukia, lakini kifo ni kifo. Sema neno moja tu. Sema nimeng'atwa. Ukisema, vibali vimekufa na friji zote zinafunguliwa. Mkwaya peke yake ana safu nzima pembeni ya siagi. Mtatibiwa wewe na Gervas, na nyingine itabaki. Sema, baba. Usife kwa ajili ya kifungu."

Waziri alimtazama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu tu, mtu mnene mwenye hofu anayetaka kwenda nyumbani. Kisha akatazama nje. Akaona bendera. Akaona viti vya waheshimiwa vimepangwa kwa vyeo, na cha kwake katikati. Akaona sura yake imechapwa kwenye vifua vya wanawake, safu kwa safu, na katika kila kifua alikuwa anatabasamu.

Akautoa mkono wa Skolastika kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu... inajali. Mpeni mama huyu dawa."

"Mheshimiwa!" akasema Bwana Mkwaya.

"Mpeni! Mimi nina haja nayo gani?"

Alikuwa amepandisha sauti. Vigelegele vikapasuka. Skolastika akakichukua kichupa pamoja na barafu, akavifunga pembeni mwa kitenge, akavipakata kifuani, akashuka ngazi. Alipofika chini akaanza kukimbia, na uwanja mzima ukamshangilia hadi akapotea.

*

Waziri aliendelea na hotuba. Kope zilianza kumshuka, akazungumza amefumba macho, na wananchi wakasema anatafakari. Ulimi ulimwia mzito, maneno yakawa hayaeleweki, lakini hakuna aliyeshtuka, maana hotuba za Mheshimiwa siku zote zilifika mahali hapo. Akashusha sauti, akapigiwa makofi. Akanyamaza, wakasema hoyee. Akaketi kitini.

Itifaki ya Nchi Tulivu inasema hakuna anayeinuka kabla ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi hakuinuka. Watu walikaa juani, wakawa na njaa, wakakaa. Jua lilipokaribia kuzama, kamati ya maandalizi ilikutana pembeni na kukubaliana kwamba kubebwa ni namna mojawapo ya kuinuka. Hapo wananchi wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Dakta Tandabala amefariki akiwa na afya njema. Alizikwa kwa heshima zote, na koboko wake alipewa kiti miongoni mwa wafiwa. Bwana Mkwaya akateuliwa kuwa Kaimu Waziri, akasoma salamu za rambirambi akiwa amevaa tai nyeusi juu ya tai ya kawaida.

*

Gervas alipona. Dawa ilimkuta ana homa anaongea na viti vyake, lakini ilimkuta. Mguu haukukatwa, ingawa ulibaki na shimo kwenye shavu la mguu, ngozi yake imekuwa nyeusi na kukunjamana kama embe lililosahauliwa, na vidole viwili havikupatikana tena. Nesi Yudita aliusafisha kila siku, akisema mguu huu una thamani kuliko jengo lote.

Siku aliyokuwa anasubiri kuruhusiwa, Kaimu Waziri akaingia wodini, na polisi nyuma yake. Hakuwa na furaha. Wanasheria wa wizara walikuwa wamegundua jambo baya. Dawa hupewa tu aliyeng'atwa na nyoka mwenye kibali. Marehemu alimpa Gervas dawa mbele ya taifa zima. Basi Gervas aling'atwa na nyoka mwenye kibali. Basi nyoka wenye kibali wanang'ata. Basi kifungu cha mwisho kimeiva, na friji zinapaswa kufunguliwa.

"Ndugu yangu Gervas," akasema Kaimu Waziri, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Jirani yangu. Mimi na wewe tumetengwa na ukuta tu. Ile kesi ya kufuga bila kibali naifuta leo. Nikupe na zaidi: nitakupa kibali cha kifutu. Utakuwa mwananchi wa kawaida wa kwanza."

"Na mimi nifanye nini?" akauliza Gervas.

"Useme tu hukung'atwa. Neno moja. Marehemu mwenyewe alilitamka kwa moyo mkunjufu."

"Na yuko wapi?" akauliza Skolastika.

Kaimu Waziri akamsogelea Gervas. "Ukikataa, bwana Gervas, unatoka kitandani unaingia gerezani. Afande yupo hapa na pingu anazo. Fikiri. Una mke."

Gervas alimtazama mkewe. Midomo ya Skolastika ilikuwa inacheza kidogo, na Gervas alijua anaongea na nani. Akawaza juu ya gereza, na juu ya viti ambavyo watu walikuwa wamelipia nusu. Kisha akakohoa.

"Mimi, mzee, si msemaji," akasema. "Nimezoea kukaa kimya na ukindu." Akalivuta blanketi, akautoa mguu mweusi wenye shimo, akaulaza mapajani mwa Kaimu Waziri. "Uulize wenyewe."

Kaimu Waziri alikuwa mtu aliyezoea utaratibu. Akarekebisha tai, akainama.

"Je, uling'atwa?" akauuliza mguu.

Wodi nzima ikangoja. Nesi Yudita alisimama mlangoni na beseni. Kaimu Waziri akarudia swali, kwa ukali kidogo, kama mtu mwenye cheo anavyopaswa kulirudia.

Polisi akalamba penseli, akaandika akitamka kwa sauti: "Mguu... umekataa... kutoa ushirikiano."

"Kosa kubwa hilo!" akasema Kaimu Waziri, na uso wake ukapata nuru kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtuhumiwa asiyetoa ushirikiano hawezi kuwa shahidi, na pasipo shahidi hakuna kifungu. "Kamata! Mguu huu uko chini ya ulinzi. Usiuache hata dakika moja. Bwana Gervas mwenyewe hana kosa, ni huru, aende popote apendapo."

"Ahsante, mzee," akasema Gervas.

Akashuka kitandani. Akaikanyaga sakafu kwa mguu mzima, kisha kwa ule mwingine, akafumba macho kwa maumivu, akafumbua. Skolastika akampa bega. Wakaanza kutembea, hatua kwa hatua, wakapita vitanda, wakamshukuru Nesi Yudita, wakatoka mlangoni. Polisi alimtazama Kaimu Waziri, akautazama mguu unavyokwenda zake, akakumbuka amri aliyopewa, akabana kofia kwapani na kufuata.

Getini Skolastika alimkabidhi polisi chupa ya uji, maana mikono yake ilikuwa na mgonjwa. Akaipokea. Wakashika barabara ya nyumbani, Gervas na mkewe mbele, polisi nyuma na chupa, na kila walipopita watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea pembeni na kuinamisha vichwa, wakidhani anapita mkubwa.